Nguzo za neti ya tenisi: kuchagua na kusimika ili usije kufukua tena (kwa walioko Dodoma na kanda ya kati)

Kitu ambacho mafundi wengi hawakijui ni kwamba nguzo ya tenisi haibebi neti, inavutwa na neti. Neti yenyewe na waya wake ni kama kilo 15 hivi, mtoto wa darasa la sita anaibeba begani, ila ukishaitandaza kwenye upana wa mita 12.8 na unataka katikati ilale sentimita 10 tu kabla hujafunga mkanda wa kushusha katikati, basi piga hesabu utaona kila nguzo inavutwa kwenda ndani kwa nguvu inayokaribia kilo 240. Ukiendelea kukaza mpaka ilale sentimita 5, mvuto unakuwa mara mbili. Na mvuto wenyewe upo kule juu kichwani, mita moja na kidogo toka chini, unapindua nguzo usiku na mchana hata kama hakuna anayecheza. Aliyewahi kuvuta waya shamba la zabibu kule Hombolo au Mpunguzi anaelewa haraka, nguzo za katikati zinakaa tu zimetulia, ya mwisho wa mstari ndo inalala.

Kwa hiyo hela yako ipeleke kwenye shimo, unene wa bomba na winchi (kile kifaa cha mpini cha kukazia waya wa neti). Rangi nzuri na kofia ya kung'aa juu ya nguzo ni mambo ya baadaye. Nasema hivi sababu Dodoma kwa sasa watu wanajenga sana, lodge, shule binafsi, nyumba za watu wenye viwanja vikubwa Ilazo na Kisasa mpaka kule Mtumba, na mtu akitaka kiwanja cha tenisi anamwita fundi wa mageti, fundi anachukua bomba la mraba la inchi 2 lile la geti, anachimba futi moja na nusu, anamwaga zege, kazi imeisha. Baada ya muda nguzo zimeinama ndani kama zinasalimiana, na kila wakikaza neti zinainama zaidi.

Tuanze na vipimo maana hivi havina mjadala, ni vya sheria za ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Tenisi. Neti kwenye nguzo inatakiwa iwe mita 1.07 toka kwenye sakafu ya kiwanja, katikati inashushwa na mkanda mweupe mpaka sentimita 91.4. Nguzo isizidi sentimita 15 kwa unene, iwe ya duara au ya mraba, na kichwa chake kisipande zaidi ya sentimita 2.5 juu ya waya wa neti. Waya usizidi milimita 8. Katikati ya nguzo iwe sentimita 91.4 nje ya mstari wa dabo (mchezo wa wawili kwa wawili), kila upande. Kiwanja cha dabo kina upana wa mita 10.97, ukijumlisha unapata mita 12.80 toka kati ya nguzo moja mpaka kati ya nyingine. Kama kiwanja ni cha singo peke yake, yaani mmoja kwa mmoja (kuna watu eneo haliruhusu) basi ni mita 10.06, na neti yake ni fupi pia, usinunue ya dabo ukaja kuikunja pembeni.

Watakaocheza singo kwenye neti ya dabo wanahitaji vile vijiti viwili vya kuinua neti, urefu ule ule wa mita 1.07, vinasimama sentimita 91.4 nje ya mstari wa singo. Vijiti hivyo chongesha kwa seremala, unene usizidi sentimita 7.5, umemaliza.

Sasa kuchagua. Kuna nguzo za aina tatu kwa ufupi. Za kuzikwa moja kwa moja kwenye zege, za soketi yaani unazika mfuko wa bomba ardhini alafu nguzo inaingia na kutoka, na zile za kuhamishika zenye magurudumu na mzigo chini. Za kuhamishika zinafaa ukumbini au kwa watoto wadogo wanaoanza na ile mipira laini myekundu ambapo neti inashushwa mpaka sentimita 80, kwa kiwanja cha kudumu cha nje sikushauri. Kati ya hizo mbili zilizobaki mimi nachagua soketi karibu kila wakati, hasa shuleni, kwa sababu shule zetu kiwanja kimoja kinachezewa netiboli, voliboli, gwaride la skauti na sherehe ya mahafali, na nguzo ya chuma iliyosimama pale kati watoto wakikimbia ni meno kuvunjika. Soketi ukitoa nguzo unafunika kifuniko, panakuwa wazi. Ya kuzikwa moja kwa moja uzuri wake haichezi hata kidogo na ni rahisi, ila ikipata kutu pale inapogusana na zege ndo basi, unavunja zege lote.

Mbao sizizungumzii sana. Mchwa wa huku unawajua. Hata zile nguzo zenye dawa kama za umeme zinapasuka na jua na kushika winchi ni shida.

Ukiamua kununua seti iliyokamilika, maduka ya michezo ya Dar wanaagiza, uliza mambo matatu kabla hujatuma hela: unene wa ukuta wa bomba kwa milimita, kama ni chuma cha gavanaizi (kilichovikwa zinki kuzuia kutu) au kimepakwa rangi tu, na winchi ni ya gia ya aina gani. Picha haikwambii chochote. Aluminiamu ni nzuri na nyepesi na haishiki kutu, ila iwe nene.

Ukiamua kuchomelesha hapa hapa, na inawezekana vizuri tu, nenda hadiwea ulizia paipu ya maji ya chuma ya gavanaizi ya inchi 2 na nusu. Ukiipima kwa nje utakuta ni milimita 76, usishangae, majina ya paipu za maji hayafuati kipimo cha nje. Chukua klasi B, ukipata klasi C bora zaidi maana ukuta ni mnene. Soketi yake unatumia paipu ya inchi 3 ambayo kwa nje ni milimita 89, ndani inabaki kama 81, hivyo nguzo inaingia na kuacha nafasi ndogo ya milimita mbili na kidogo kila upande. Hiyo nafasi fundi aizibe kwa kuchomelea vibati vyembamba vya chuma vitatu vinne kwenye nguzo, juu na chini ya sehemu inayozama, mpaka iingie kwa mkono bila kucheza. Kama unapenda mraba basi bomba la 80 kwa 80 ukuta milimita 3 lina nguvu kuliko hata hilo la duara, tatizo ni kona zake, mtu akiligonga anaumia. Bomba la mraba la inchi 2 lenye ukuta wa milimita moja na nusu sahau kabisa, hesabu yake haitoki, linapinda.

Urefu wa nguzo ni 1.07 ya juu, jumlisha sentimita 60 mpaka 70 za kuzama. Nguzo mbili zinatoka kwenye paipu moja ya mita 6 na kipande kinabaki. Mwambie fundi amalize kuchomelea kila kitu kwanza, kofia ya juu yenye mfereji au kapi ya kupitisha waya, ndoano upande mmoja, kitako cha winchi upande wa pili, na vijipete vya kufungia pembeni ya neti, alafu ndo asugue kwa grenda na kupaka rangi ya zinki pale moto ulipounguza gavanaizi. Na achomelee nje penye hewa, moshi wa zinki unaleta homa.

Winchi ndo kitu kigumu kupata hapa. Zipo za meno na kizuizi (zile kama za turubai za malori) na zipo za gia ya nyoka, yaani skrubu inazungusha gurudumu la meno. Ya gia ya nyoka inajifunga yenyewe, ukiachia mpini hakuna kitu kinarudi. Ya meno kizuizi kikiteleza mpini unarudi kwa kasi na kilo zile mia mbili zote nyuma yake, mtu anavunjika kidole au taya. Kwa shule, chukua ya nyoka tu hata kama ni ghali, na mpini uwe wa kutoka ili watoto wasikaze. Ukikosa kabisa, tumia ile skrubu ndefu ya kukazia waya yenye ndoano pande mbili, unaizungusha katikati inavuta, sio ya haraka lakini ni salama.

Haya, kusimika. Kama kiwanja chenyewe hakijajengwa, kilaze urefu wake kaskazini kwenda kusini. Jua la saa kumi na moja jioni Dodoma ukiwa unaserve ukilitazama ni mateso. Kuna faida nyingine, neti inakaa mashariki kwenda magharibi, na upepo wa hapa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, hivyo unapita pembeni ya neti badala ya kuipiga kifuani.

Vuta kamba pale neti itakapopita, tafuta katikati ya kiwanja, piga alama. Toka hapo pima mita 6.40 kila upande, ndo kati ya nguzo. Hiyo 6.40 ishike kichwani, ndo umbali ule ule wa toka kwenye neti mpaka mstari wa sevisi, utaitumia tena wakati wa kuchora mistari. Hakikisha kamba yako imepiga skwea na mistari ya pembeni, 3-4-5 kama wajenzi (pande za mita 3 na 4, mshazari usome 5), au pima mshazari wa nusu kiwanja cha dabo, toka kona ya mstari wa nyuma mpaka pale neti inapokutana na mstari wa pembeni wa upande wa pili, lazima isome mita 16.18 pande zote mbili. Ikitofautiana rudia. Usiseme ni kidogo.

Kabla ya sururu kugusa chini uliza kama kuna bomba la maji la DUWASA au waya wa umeme unapita hapo.

Shimo: futi mbili kwa juu, chini lipanuke kidogo kufikia futi mbili na nusu, kina futi tatu. Huo mpanuko wa chini ni muhimu, ndo unazuia zege lisijizungushe na kung'oka likivutwa, na mafundi wanafanya kinyume chake, juu pana chini pembamba, kwa sababu ndo inavyokuwa rahisi kuchimba na chepe. Simama hapo mwenyewe.

Udongo wa huku unatofautiana sana ndani ya mtaa mmoja. Ukipata ule mwekundu wa kichanga, umebahatika, chimba ukutane na sehemu ngumu basi. Ukiwa bondeni kwenye mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi na ukilowa unavimba, hapo ndo nguzo zinatembea. Mvua zikianza Desemba udongo unanyanyua zege, zikikatika Aprili au Mei unaliachia, mwaka wa pili nguzo moja ipo juu na nyingine imegeuka. Dawa ni kuchimba mpaka umalize ule weusi kama inawezekana, au uongeze kina na upana, utoe udongo wote mweusi unaozunguka shimo, ujaze moramu ukishindilia kidogo kidogo, na uelekeze maji ya mvua yasituame karibu. Ukikutana na mwamba kabla ya futi tatu, na huku mawe ya granaiti yapo mengi, usikubali kuishia hapo kwa kumwaga zege fupi juu ya jiwe, toboa mwamba uweke nondo zishike zege.

Chini kabisa ya shimo weka kokoto, na soketi yako usiizibe chini. Ikae juu ya hizo kokoto ili maji yakiingia yazame. Soketi iliyozibwa chini ni ndoo, nguzo inaoza humo ndani wewe hujui.

Kabla ya zege amua sakafu ya mwisho itakuwa wapi. Hili linasahaulika sana, mtu anasimika leo kwenye udongo, mwezi ujao inakuja lami au zege la sentimita 10 na rangi juu, ile 1.07 imekuwa sentimita 97. Mdomo wa soketi uwe sawa na sakafu ya mwisho. Na kingine, kiwanja kizuri kina mteremko mdogo kama wa moja kwa mia kuelekea upande mmoja ili maji yatoke, hivyo nguzo moja itakuwa chini kuliko nyenzake kwa zaidi ya sentimita 10. Fundi atataka kulinganisha vichwa vya nguzo kwa mpira wa maji, mkatalie, kila nguzo inapimwa 1.07 toka sakafu ya pale pale iliposimama. Neti inafuata mteremko wa kiwanja.

Zege changanya moja mbili nne, sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa mashimo mawili ya kipimo nilichotaja nunua mifuko 5 ya kilo 50, inatosha. Mchanga wa korongo uwe msafi, ukiusugua mkononi usiache tope. Maji angalia chumvi, visima vya chumvi Dodoma vipo vingi na chumvi inakula chuma ndani ya zege, maji ukiyaonja na ukakunja uso usitumie.

Weka soketi ikiwa na nguzo ndani yake, vuta uzi toka kichwa cha nguzo moja mpaka nyingine, zungusha mpaka mifereji miwili itazamane sawasawa na winchi iwe upande wa nje. Piga pimamaji pande mbili za nguzo, zishikilie kwa vibao, mwaga zege kwa matabaka ukilichoma na nondo litoe hewa, alafu pima tena maana zege likimwagwa linasukuma. Likianza kushika zungusha nguzo kidogo ndani ya soketi isije ikaganda na uji wa sementi uliopenya. Zege la nguzo lisishikane na zege la kiwanja, weka kipande cha nailoni nene au fomu kati yao, vinginevyo nyufa zitaanzia kwenye nguzo na kukimbia mpaka kwenye mstari wa sevisi.

Siku hiyo hiyo chimba na shimo dogo katikati kabisa, futi moja kila upande, la kushikilia mkanda. Kipande cha bomba chenye nondo imepita kwa kulala, kinazama kidogo chini ya sakafu ili mtu asijikwae.

Upepo mkavu wa kiangazi unakausha zege juu kabla halijakomaa, funika na magunia, mwagilia siku 7, asubuhi na jioni. Baada ya hapo unaweza kutundika neti kwa ulegevu watu wafurahi, ila kukaza kamili subiri zitimie siku 28. Najua mwenye lodge atakusumbua. Asubiri.

Kutundika: waya unapita juu ya kapi, unakaza mpaka neti inyooke na mtu akiibonyeza kwa mkono inarudi, alafu ndo unafunga mkanda wa katikati kushusha mpaka 91.4. Wengi wanafanya kinyume, wanaacha neti ilegee mpaka ifike 91 yenyewe bila mkanda, hapo mpira ukigonga utepe wa juu unakufa. Huna futi? Simamisha raketi moja wima, juu yake laza kichwa cha nyingine kwa ubavu, inakuja karibu na kipimo. Pembeni funga neti kwenye vile vijipete kwa kamba, usikaze sana, kazi ya kuvuta ni ya waya. Chini iguse sakafu isiwe inapitisha mpira.

Matunzo ni madogo. Jioni legeza winchi mizunguko michache, usiku wa Juni na Julai kuna baridi na waya ukipoa unajivuta wenyewe. Vumbi letu na grisi havipatani, ukipaka grisi nyingi kwenye gia inageuka kuwa msasa na meno yanalika, futa kwanza kwa kitambaa, paka kidogo sana au tumia unga wa grafaiti. Kila baada ya mvua toa nguzo kwenye soketi uangalie kutu pale kwenye usawa wa sakafu, ndo panapoanzia siku zote, sugua na paka zinki. Waya ukianza kutoa nywele badilisha, usiufunge na selotepu, unachana mikono. Na mpini wa winchi chongesha wa akiba kabisa siku ile ile fundi yupo, maana ule wa kwanza lazima upotee.